Maji Yanaporudi Nyuma Bombani



Mtu afunguaye koki hapa Kampala huamini kwamba maji yana safari moja tu, nayo ni kutoka ziwani kuja kwake. Imani hiyo ina msingi. Maji ya Ziwa Viktoria husafishwa Ggaba, hutiwa dawa ya klorini, kisha husukumwa kwa mitambo hadi kwenye matangi yaliyojengwa juu ya vilima kama vile Muyenga, Naguru na Rubaga. Kutoka huko huteremka kwa uzito wake yenyewe mpaka majumbani. Dhamana ya kazi hiyo imo mikononi mwa Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, lililoundwa mwaka 1972.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba maji hayajui amri, hufuata nguvu. Nguvu iliyomo katika bomba kubwa la barabarani ikipungua ghafla, maji yaliyokwisha kuingia katika bomba dogo la nyumba yaweza kuvutwa kurudi yalikotoka. Nguvu hiyo hupungua bomba linapopasuka, umeme unapokatika mitamboni, au gari la zimamoto linapochota maji mengi kwa wakati mmoja. Ikiwa saa hiyo mpira wa kuoshea magari umetumbukizwa ndani ya pipa la maji machafu, basi mpira huo hugeuka mrija. Uchafu hunyonywa, huingia bombani, na nguvu inaporejea hupelekwa kwa jirani asiye na habari.

Hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 1969, katika mji wa Worcester nchini Marekani, wachezaji wa mpira wa chuo cha Holy Cross walipatwa na homa ya ini. Wachunguzi waligundua kwamba watoto wenye ugonjwa huo walikuwa wakichezea maji kwenye koki zilizofukiwa ardhini karibu na uwanja. Moto ulipozuka mjini na wazima moto wakachota maji, nguvu ya bomba ilishuka, na maji yale machafu yakanyonywa hadi kwenye bomba walilonywea wachezaji. Watu 90 miongoni mwa 97 wa timu hiyo waliambukizwa. Wazima moto hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa wakiokoa mali na maisha. Kosa lilikuwa la koki zilizoachwa wazi ndani ya uchafu.

Hapa Uganda kikosi cha zimamoto ni sehemu ya jeshi la polisi. Hatuwezi kuwataka wapunguze maji huku nyumba ikiteketea. Kwa hiyo wajibu unawaangukia wote wanaotumia bomba lile lile: askari anayeosha lori kambini, mpishi wa mesi, fundi wa karakana, na mke wa askari anayefua nguo uani.

Wajibu wenyewe si mzito. Mpira wa maji usiachwe kamwe ndani ya pipa, ndoo, karo wala shimo. Mdomo wa koki ubaki juu ya ukingo wa chombo, na nafasi kati yao iwe angalau mara mbili ya upana wa bomba. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi juu. Tangi la maji ya mvua au ya kisima lisiungwe na bomba la mji bila fundi wa Shirika kujua. Dawa ya kuulia wadudu isichanganywe kwa mpira uliozama ndani ya dawa, kwa kuwa kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu. Panapo hatari kubwa, kama hospitali na karakana, ifungwe vali inayoruhusu maji kupita upande mmoja tu, nayo ikaguliwe kila mara kama silaha inavyokaguliwa.

Kampala inaujua uchungu wa maji machafu. Kati ya Februari na Juni 2015, watu zaidi ya 10,000 walishukiwa kuugua homa ya matumbo hapa mjini. Hatusemi kwamba maradhi hayo yaliletwa na maji kurudi nyuma. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye maji yasiyo safi na vinywaji vilivyouzwa mitaani. Tunalosema ni kwamba kijidudu hakiulizi kimepita mlango gani.

Adui wa namna hii hazuiwi kwa mlinzi wa langoni, maana huingia kwa bomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila kamanda wa kambi na kila mkuu wa kituo na aamuru leo mipira yote itolewe mapipani na kutundikwa ukutani. Kazi hiyo haihitaji fedha za serikali. Yahitaji nidhamu, na nidhamu ndiyo sifa ya askari.