Nchi Jirani: Kumpima Mkimbiaji Kabla ya Siku ya Mchujo

Kila unapowadia mwaka wa Michezo ya Olimpiki au wa mashindano ya riadha ya dunia, habari moja kutoka nchi jirani ya Kenya husubiriwa kwa hamu kubwa. Ni habari ya mchujo wa taifa. Siku hiyo wanariadha wa Kenya hushindana wao kwa wao, Nairobi au Eldoret, ili wapatikane watatu wa kuiwakilisha nchi yao katika kila mbio. Watatu, si wanne. Katika mbio za mita 800 na za mita 1,500, yule wa nne huwa ni kijana ambaye katika nchi nyingine angekuwa tegemeo la taifa. Kwake yeye, sehemu ndogo ya sekunde yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupanda ndege na kurudi kambini.

Jambo hili lawahusu nyinyi askari kwa karibu sana, maana wengi wa vijana hao ni askari wenzenu. Kipchoge Keino alikuwa polisi. David Rudisha naye alikuwa polisi. Majeshi ya ulinzi, polisi na magereza ya Kenya hufanya mashindano yao kwanza, na ni katika viwanja hivyo makocha huanza kujiuliza swali ambalo ndilo mada yetu ya leo: mtu atajuaje kwamba mkimbiaji yuko tayari?

Wengi hujibu kwamba saa itasema. Saa ni shahidi mwaminifu, lakini huulizwa machache. Katika mashindano ya kulipwa ya Ulaya huwekwa mtu wa kuvuta mwendo. Yeye hutangulia mbele, huukata upepo, na kazi yake ikiisha hutoka kiwanjani. Wanaomfuata hawana haja ya kufikiri. Kazi yao ni kumfuata. Katika mashindano ya ubingwa hayupo mtu huyo. Mwendo waweza kuanza polepole kama matembezi, kisha ukalipuka ghafla zikiwa zimebaki mita 300. Aliyezoea kuvutwa hapo hupotea njia. Mbio za sakafuni, ndugu wasikilizaji, huishia ukingoni.

Kadhalika saa haisemi mbio zilikimbiwa wapi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret ni zaidi ya mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, na mkimbiaji wa mita 1,500 hulipia wepesi huo katika mzunguko wa mwisho. Kwa hiyo muda unaoonekana wa kawaida mjini Eldoret waweza kuwa na thamani kubwa kuliko muda mzuri zaidi uliopatikana pwani. Wala saa haisemi mtu alipita wapi. Njia moja ya kiwanja ina upana wa mita 1.22. Anayezunguka kona zote mbili akiwa nje kwa njia moja huongeza zaidi ya mita 7 katika kila mzunguko, na kwa mwendo wa mita 800 hiyo ni karibu sekunde nzima. Huyo aweza kushindwa kwa nusu sekunde, na bado akawa ndiye mwenye nguvu zaidi siku hiyo.

Basi tutazame nini? Kwanza, mzunguko wa pili. Mjini London, mwaka 2012, Rudisha aliongoza fainali ya mita 800 tangu mwanzo bila mtu wa kumvuta. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 49.28, na wa pili kwa sekunde 51.63. Jumla ikawa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Mzunguko wa kwanza wa kasi wengi wanauweza. Kilichomfanya bingwa ni uchache wa kile alichopoteza katika ule wa pili. Pili, tutazame mabega na mikono katika mita 100 za mwisho. Mabega yakipanda kuelekea masikioni na hatua zikifupika, akiba imekwisha, hata kama mtu huyo ndiye anayeongoza. Tatu, tutazame kurudia. Ubingwa haupatikani kwa mbio moja. Kuna mbio za awali, kuna nusu fainali, kisha fainali, zote katika siku chache. Aliye tayari ni yule ambaye siku ya tatu bado ana miguu.

Hata hivyo, nguvu peke yake haitoshi. Mwaka 2009 mjini Berlin, katika mashindano ya dunia, Rudisha huyo huyo aliondolewa katika nusu fainali. Je, alikuwa dhaifu? Hata kidogo. Majuma machache baadaye, huko Rieti, Italia, alikimbia kwa dakika 1:42.01, rekodi mpya ya Afrika. Miguu ilikuwa tayari. Kilichokuwa hakijakomaa ni ujuzi wa kushindana katika msongamano. Mwaka uliofuata aliivunja rekodi ya dunia mara mbili katika muda wa wiki moja.

Sasa tuje kwenye mchujo wenyewe. Mwaka 2016, mjini Eldoret, Rudisha alishika nafasi ya tatu. Mbele yake walikuwa Alfred Kipketer na Ferguson Rotich, na wako waliosema kwamba bingwa amechoka. Ilipofika fainali ya Rio de Janeiro, Rudisha alichukua medali ya dhahabu kwa dakika 1:42.15. Rotich alikuwa wa tano, na Kipketer, aliyeuanza mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa, alikuwa wa saba. Nafasi ya tatu ya Eldoret haikuwa dalili ya kuanguka. Ilikuwa alama ya mtu anayepanda ngazi kuelekea siku aliyoikusudia.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Timothy Cheruiyot alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2019. Katika mchujo wa Nairobi wa mwaka 2021 alishika nafasi ya nne, naye akaachwa. Majuma machache baadaye alishinda mjini Monaco kwa dakika 3:28.28. Aliingizwa katika timu kwa sababu tu mmoja wa waliomtangulia hakuwa amepimwa mara za kutosha, kama kanuni za kuzuia dawa zilizokatazwa zilivyotaka kwa wanariadha wa Kenya. Cheruiyot akaenda Tokyo, akarudi na medali ya fedha. Tujiulize: kama kijana yule angekuwa ametimiza vipimo vyake, medali hiyo ingekuwa ya nani?

Lakini haki ina pande mbili. Kama wateuzi watakuwa huru kuchagua majina makubwa na kuwaacha walioshinda, kijana asiyejulikana ataamini nini tena? Mwaka 2024, katika uwanja wa Nyayo, Emmanuel Wanyonyi, kijana wa chini ya miaka 20, alishinda mchujo wa mita 800 kwa dakika 1:41.70. Mjini Paris akatwaa dhahabu kwa dakika 1:41.19, akimpita Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hapo mchujo ulisema kweli tupu. Kwa hiyo dawa si kuudharau mchujo. Dawa ni kuandika masharti mapema na kuyatangaza hadharani: wangapi watakwenda kwa nafasi walizoshika siku hiyo, na kama iko nafasi ya hiari, itatolewa kwa ushahidi gani. Sharti linalotungwa baada ya mbio kwisha, hata liwe na nia njema, hunuka upendeleo.

Ndugu wasikilizaji, somo hili si geni kwetu. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi, mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, na hakuna aliyempata. Alimaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia, mbele ya John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya. Mwaka 1980, Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ilipomalizika mwaka 2024, hizo mbili zilikuwa bado ndizo medali pekee za Tanzania katika Olimpiki. Haielekei kwamba vipaji vimekauka katika nchi hii. Lakini kipaji kisichopimwa vizuri hupita mbele ya macho yetu bila kuonekana.

Kamanda hakipimi kikosi chake kwa gwaride peke yake. Hukipima katika mazoezi ya siku nyingi, njaa na uchovu vikiwa vimeingia. Kocha wa kikosi afanye vivyo hivyo. Awe na daftari. Aandike muda wa kila mzunguko, mahali, hali ya hewa, nani aliongoza, na mkimbiaji alipumzika siku ngapi. Aandike pia maradhi. Mwaka 1968, Mexico, Keino alishindwa kumaliza mita 10,000 kwa maumivu ya tumbo. Siku chache baadaye alipata fedha katika mita 5,000, kisha dhahabu katika mita 1,500. Mfano huo usimfundishe askari kuficha ugonjwa. Umfundishe kocha kutofautisha kati ya mtu aliyeshindwa na mtu aliyeugua.

Na zaidi ya yote, kwenye kiwanja cha riadha hakuna cheo. Koplo akimshinda sajini, koplo ndiye anayekwenda. Askari kijana anayeamka kabla ya paredi kukimbia gizani hadai upendeleo wowote. Anachotaka ni kupimwa kwa kipimo kile kile wanachopimwa wenzake, na kukijua kipimo hicho kabla ya siku yenyewe kufika. Hiyo ni haki yake, na ni wajibu wa kila anayeshika saa na daftari.