Utepe Mwekundu na Beji ya Jogoo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanamageuzi, Ngaremara, Isiolo)



Mlangoni nimepokewa na binti aliyenibandika utepe mwekundu kifuani kabla sijamaliza kumwamkua. Nilimshukuru. Lakini nilipogeuka nilimwona kijana akiutazama utepe aliopewa, akaukunja, akautia mfukoni. Hakuna aliyemwuliza sababu, wala mimi sitamwuliza. Katika dakika hizi chache nataka kumtetea.

Hapa Ngaremara hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba kivaliwacho husema. Shanga za shingoni mwa mama wa Kiturkana husomwa na kila apitaye: huyu ni msichana, yule ameolewa. Swali langu ni jingine. Ni nani aliye na haki ya kumlazimisha mwenzake aseme?

Wazee mnakumbuka. Tangu Juni 1982, kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba, chama kilikuwa kimoja kwa amri ya sheria. Beji ya jogoo kwenye kola ya koti ilikuwa ngao: aliyeivaa alipita, aliyeikosa alitazamwa mara mbili. Palikuwa na mahali ambapo vijana wa chama walimdai kadi ya uanachama mama aliyekuwa akienda sokoni tu kuuza mboga zake. Kisha ukaja mlolongo wa 1988. Hapo mpiga kura hakuhitajiwa kuvaa alama. Yeye mwenyewe aligeuzwa alama. Alisimama nyuma ya picha ya mgombea, chifu akimwona, jirani akimwona, na anayemdai akimwona.

Tusisahau ni nani waliokataa mapema. Mnamo 1986 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilitamka kuwa wachungaji wasingeweza kupanga foleni hadharani nyuma ya mtu mmoja huku kondoo wao wakiwa wamegawanyika. Walilaumiwa, wakatukanwa, hawakurudi nyuma. Mlolongo uliondolewa mwishoni mwa 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991.

Mwaka huo huo wa 1991 ndipo utepe mwekundu ulipobuniwa, mbali na hapa, mjini New York, na wasanii wa kundi liitwalo Visual AIDS. Walikuwa wakizika marafiki. Hawakuandika jina juu ya utepe huo wala kudai haki ya kuumiliki. Mtu yeyote angeweza kukata kipande, kukikunja na kukitia pini. Nia yao ilikuwa kuonyesha huruma kwa wagonjwa na kwa wale waliowauguza. Kwa hiyo mzigo wa utepe ule ulikusudiwa kubebwa na mwenye afya pia, tena yeye kwanza, ili mgonjwa asisimame peke yake.

Sisi je? Serikali yetu ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi mwaka 2006. Kifungu cha 13 cha sheria hiyo kinakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi kama sharti la kupata kazi, kuingia shule, kutibiwa au kufunga ndoa. Nasema tena: kufunga ndoa. Anayekivunja kifungu hicho anatenda kosa la jinai.

Nimeketi ofisini na wachumba walioambiwa na kiongozi wao wa dini, ambaye sitamtaja, kwamba hawatatangazwa kanisani bila cheti cha hospitali. Msichana alikuwa na virusi. Mchumba wake alijua tangu mwanzo, na alimtaka vivyo hivyo. Waliyemwogopa ni karani wa kanisa na ulimi wake. Hatimaye harusi haikufanyika kanisani hapo, nao waliondoka mtaani. Na Desemba mosi, madhabahu ya kanisa lile lile ilipambwa kwa tepe nyekundu!

Sipingi kupima. Anayependa mchumba wake na akamshauri waende pamoja kupima, afanye hivyo, na mchungaji awaombee njiani. Wala simdharau mchungaji anayeogopa kuzika waumini vijana; hofu yake ina sababu. Napinga cheti kilichogeuzwa kadi ya chama. Tulipodaiwa kadi sokoni tuliita dhuluma. Jina hilo halibadiliki kwa sababu anayedai sasa amevaa joho.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 24 cha sheria hiyo hiyo, kilichomtaka mwenye virusi ajitangaze kwa aliokutana nao kimwili, maana maneno yake hayakuwa wazi na yaligusa faragha ya mtu. Wako pia wateja wangu ambao hupanda gari kwenda kuchukua dawa mbali na nyumbani ili wasionekane. Mmoja wao aliniambia kuwa hawezi kuvaa utepe, kwa sababu kwake yeye si huruma, ni ungamo. Aliye mzima huuvua jioni.

Basi kijana yule aachwe na mfuko wake. Na ninyi wazee wa kanisa, nawaomba mchukue fomu za ndoa mlizo nazo kabatini, mzisome usiku wa leo. Pale mezani, kando ya kikapu cha tepe, nimeweka nakala za kifungu cha 13. Zipo za kutosha.