KITI CHA MBUNGE NI CHA NANI?
(Maneno ya Katibu mkutanoni)

Ndugu wanaushirika, tumtazame Ndugu Christopher Chiza wa Buyungu, huko kwa jirani zetu wa Kakonko. Mwaka 2012 aliteuliwa Waziri wa Kilimo, Chakula na Ushirika. Uwaziri wa jembe letu kabisa! Lakini 2015 wapiga kura wakampa ubunge Mwalimu Kasuku Bilago wa CHADEMA. Bilago alifariki Mei 2018, Mungu amrehemu. Agosti mwaka huo huo Chiza akarudi kuomba kura, akapewa.

Basi tusimwonee haya mbunge. Uwaziri hutoa Rais, kiti twatoa sisi. Akija tumwulize: mbolea itafika kabla ya mvua, au baada? Wenye maswali wajiandikishe kwa mtunza stoo. Asiyejua kuandika tutamwandikia.