Ziada ya Ghala Lako ni Chakula cha Mwenzio

(Hotuba kwa wakulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini)

Ndugu Wakulima,

Leo nataka tuzungumze juu ya mahindi yanayobaki baada ya nyumba yako kupata chakula chake cha mwaka. Mahindi hayo ni fedha kwako, na ni uhai kwa mtu usiyemjua.

Katika Ruvuma, Rukwa, Njombe na Mbeya mvua ni ya kutegemewa. Dodoma na Singida mvua ni chache, na ikikatika mwezi wa Februari mahindi hukauka kabla ya kubeba. Basi miezi ile unapopalilia wewe, wenzetu wengi wa huko ghala zao zimekwisha, na macho yao yako barabarani yakingojea chakula kutoka kwako.

1. Kwanza pima chakula cha nyumbani. Ukiuza mahindi yote wakati wa mavuno, mwezi wa Januari utayanunua kwa bei ya juu, nawe utakuwa mmoja wa wenye njaa. Nyumba inayokula kilo 3 kwa siku huhitaji kilo 1,095 kwa mwaka, yaani magunia 11 ya kilo 100. Ongeza kidogo kwa ajili ya wageni na kuchelewa kwa mvua. Kinachozidi hapo ndicho ziada.

2. Kausha sawasawa. Wazee husema akiba haiozi; lakini mahindi yenye unyevu huoza. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka, rudisha juani.

3. Chambua yaliyooza. Ukungu huleta sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Ukambani, nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu hiyo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo usiseme, "Haya yameharibika kidogo, yapeleke kwa wenye njaa." Mwenye njaa hana chakula kingine cha kuchagua, ukimpa sumu ataila. Usiyapikie pombe wala usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hata kwenye maziwa.

4. Hifadhi vizuri. Mahindi makavu yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, uifunge barabara. Dumuzi waliomo hufa kwa kukosa hewa. Panga mifuko juu ya vichaga, mbali na ukuta na panya. Usitumie kamwe dawa ya kunyunyizia shambani kuhifadhi chakula.

5. Uzeni pamoja, kwa mizani. Mwenye magunia matatu hawezi kuita lori. Wenye magunia matatu hamsini wakikusanyika katika chama cha ushirika hulijaza. Mzigo huo unaweza kuuzwa kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao huweka akiba ya nchi kwa wakati wa upungufu, au kwa wafanyabiashara. Kataeni lumbesa: kilo zisizopimwa ni jasho lililopotea.

6. Usimsahau wa karibu. Kabla lori halijaondoka, tazama kijijini mwako. Kuna mjane aliyeugua wakati wa kilimo, kuna watoto wanaoshinda shuleni bila kula. Debe moja kwa shule kutoka kila nyumba hujaza ghala la shule.

Ndugu Wakulima, kazi ya mahindi haiishi siku ya kuvuna. Huisha pale yanapoliwa, na aliyeyala akaamka salama. Kausheni, chambueni, pimeni, ndipo mpakie.