Ulirudi na Nini? Nyimbo, Filme na Vitabu Tunavyopashana

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mumoja, mwanachama wetu, katika mukutano mukuu hapa Mudaka. Wanachama wengi waliomba kuyasoma tena nyumbani, njo maana tunayachapa yote.)



Komite iliniomba niseme dakika kumi na tano juu ya "utamaduni". Hilo neno ni kubwa kuliko dakika zangu. Basi nitasema juu ya kitu kidogo chenye kinapita kati yetu kila siku, na hakiandikwe popote katika kaye ya muweka hazina. Mutu anamuambia mwenzake: "Sikiliza ile wimbo." Ao: "Ile filme, uiangalie." Ao: "Kuko kitabu kimoja, nitakuletea."

Sisi wenye tulirudi tunajua swali la kwanza lenye majirani wanauliza: "Ulirudi na nini?" Wanauliza huku wanatazama muzigo. Kuko wenye walirudi na mashini ya kushona. Kuko wenye walirudi na mabati. Wengi wetu tulirudi na ndoo, blanketi na watoto. Hesabu ya jirani inaishia hapo. Lakini mutu mwenye aliishi miaka Nyarugusu kule Kigoma, ao Burundi, ao Kampala, ao kwa ndugu kule Bukavu muji, alirudi pia na vitu alivyosikia, alivyoona na alivyosoma. Na ninyi wenye mulibaki, munalima hapahapa Kabare katikati ya masumbuko, muko na vyenu. Mulisikiliza redio wakati sisi hatukuwa hapa. Muko na nyimbo zenye zilipita, na sisi hatuzijue.

Kwa nini ninaleta jambo hili katika mukutano wa chama cha kusaidiana? Kwa sababu ya kitu chenye sote tunakiona na hatukisemi. Tazameni namna tumeketi. Wale wa kambi upande huu, wale wa hapa upande ule. Watoto waliotoka Tanzania wanachekwa shuleni juu ya Kiswahili chao, nao wanawajibu wenzao kama hawajui kusema. Na musaada wetu, hata kama sheria ya chama ni moja kwa wote, unamufikia haraka mutu mwenye kujulikana. Mwenye hajulikane anaogopa kuomba.

Nitatoa mufano mumoja, bila jina. Mama mumoja mwanachama, alirudi na watoto wane, alilipa mchango wake kila mwezi karibu mwaka muzima. Mutoto wake aliugua wiki mbili, naye hakuja kwa komite hata siku moja. Alifikiri ile sanduku ni ya watu wa hapa. Mwenye alimuleta ni jirani yake, muuza ndizi hapa sokoni. Walijuana namna gani? Muuza ndizi alikuwa anasikia ile nyumba inapiga wimbo mumoja kila jioni. Siku moja akabisha hodi, akauliza: "Huyu mwimbaji ni nani?" Kutoka hapo wakaanza kuongea. Wimbo haukulipa dawa, sanduku la chama njo lililipa. Lakini bila ule wimbo, sanduku halingejua kama kuko mutoto mugonjwa.

Ule wimbo ulikuwa "Kifo" wa Remmy Ongala. Wazee wanamujua, vijana, musikilize kidogo. Remmy alizaliwa mwaka wa 1947 kule Kindu, katika Maniema, jirani zetu kabisa. Mwaka wa 1978 akaenda Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, halafu akawa kiongozi wa Super Matimila. Huyu ni mutu wa upande wetu, alifika katika nchi ya wengine, akaimba kwa Kiswahili juu ya wamaskini, magonjwa na kifo, mupaka Watanzania wakamuhesabu kuwa wao. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2010, na mupaka leo kuko mahali katika ule muji panapoitwa Sinza kwa Remmy. Katika "Kifo" anasema na kifo uso kwa uso, kama mutu anayemushitaki jirani mbaya. Huyo mama aliniambia hivi: "Mwalimu, kambini tulizika bila matanga ya kweli. Ile wimbo njo ilikuwa matanga yangu." Sasa munaelewa namna gani jirani alimujua ndani ya dakika tano.

Nisipite bila kutaja Lokua Kanza, maana vijana wengi hawajui kama alizaliwa Bukavu, mwaka wa 1958. Anaimba polepole, gitaa na sauti tu. Ninamupendekeza kwa mutu mwenye hawezi kulala.

Sasa filme. Hapa kandokando ya barabara, kijana mwenye ordinatere anaweza kukujazia telefone kwa pesa kidogo, na nyingi ya zile anazojaza ni za bunduki. Sitawagombeza vijana, hata mimi ninaangalia za karate. Lakini nitawapendekezea mbili.

Ya kwanza ni Maman Colonelle, ya mwaka wa 2017, iliyofanywa na Dieudo Hamadi, Mukongomani wa Kisangani. Inamufuata kolonel Honorine Munyole, mama wa polisi, mwenye kazi yake ni kulinda watoto na wanawake waliotendewa jeuri. Inaanza hapa kwetu, Bukavu, siku za mwisho mbele ya kuhamishwa. Halafu anafika Kisangani, anakuta wajane na walemavu wa ile vita ya siku sita ya Juni 2000, wakati majeshi mawili ya kigeni yalipigana ndani ya muji. Anakuta pia watoto walioteswa kwa sababu wanaitwa wachawi. Hana bajeti. Anawaendea watu wa muji, anawaomba wachange chenye kila mumoja ako nacho. Ninaipendekeza kwa komite yetu nzima, na zaidi kwa wale wenye kuzunguka kila mwezi kukusanya michango na kufungiwa mulango. Mutaona kama hata mwenye uniforme anafungiwa.

Ya pili ni ya zamani kidogo. Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka wa 1950. Wengi wanamujua juu ya La vie est belle, na Papa Wemba ndani yake, ya mwaka wa 1987. Mimi ninawapendekezea Pièces d'identités. Mfalme muzee anatoka Kongo, anaenda Brussels kutafuta binti yake aliyetumwa kule kusoma tangu utoto. Anafika na vitu vyake vya ufalme, na kule havimupe heshima yoyote. Mwaka wa 1999 ile filme ilipata zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou. Kuko mahali pa kucheka sana. Ni kwa muzazi mwenye mutoto wake amekaa ng'ambo na simu zimeanza kupungua. Huyo huyo Ngangura alifanya pia filme ya kweli, Le Roi, la vache et le bananier, mwaka wa 1994, juu ya kurudi kwake Ngweshe, kati ya Bashi. Ni mutu mwenye alisoma mbali, anarudi, na anauliza upya mambo aliyofikiri anayajua. Mutu wa kwetu, shamba la kwetu, ndizi za kwetu.

Sasa kitabu, na hapa nitakaa kidogo. Ni kidogo, kinaingia katika mufuko wa koti. Kinaitwa Kusadikika, cha Shaaban Robert wa Tanga, kilitoka mwaka wa 1951. Kusadikika ni nchi ya kufikiriwa tu, iko angani. Mutu anayeitwa Karama anashitakiwa na waziri, kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Karama anajitetea siku sita mbele ya mufalme, na kila siku anaeleza habari ya mujumbe mumoja. Wale wajumbe sita walitumwa kila mumoja upande wake, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu na chini, wajifunze mazuri ya nchi zingine. Walipata taabu njiani. Wakarudi na habari za faida kwa wote. Na waliporudi, wakatiwa gerezani.

Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa mbali. Nilikisoma tena hapa, mwaka wa kwanza wa kurudi, na kilikuwa kitabu kingine. Hakuna mutu alinitia gerezani. Lakini munajua ile kunyamazishwa ya polepole: "Wewe ulikuwa kule, usitufundishe." Na munajua pia namna yetu sisi wenye tulirudi, ya kusema "kule kwetu kambini" katika kila jambo, mupaka wenzetu wanachoka. Kusadikika kinasema na pande zote mbili. Ninakipendekeza kwa mutu mwenye alirudi na hasikilizwe, na kwa mutu mwenye alibaki na amechoka kusikiliza. Kiswahili chake ni cha juu, musome wawili wawili, mukubwa na mutoto. Mutoto wa kutoka Tanzania njo ataeleza maneno, na siku hiyo hatachekwa. Nakala yangu iko, nitaiacha kwa sekretere.

Kuko namna ya kupendekeza yenye inasaidia, na kuko yenye inaumiza. Ninaomba tukubaliane juu ya mambo matatu.

La kwanza: useme ni kwa nani. "Ni muzuri sana" haitoshe. Ni muzuri kwa mujane? Kwa kijana wa miaka 16?

La pili: useme sababu, kutoka katika maisha yako. Ukisema "ilinisaidia wakati nilikosa kazi", mwenzako anapata habari mbili, ya wimbo na yako.

La tatu: useme mbele chenye kinauma ndani yake. Kuko filme juu ya daktari wetu Mukwege wa Panzi, L'homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, ya mwaka wa 2015. Serkali iliikataza mbele, halafu ikairuhusu. Ni filme ya kweli na ya lazima kwa mutu mwenye hajui tulipitia nini. Wafadhili wetu, muiangalie. Lakini mama mumoja wa hapa aliniambia: "Mimi niliishi ile, kwa nini niiangalie?" Ako na haki kabisa. Kupendekeza ni kama kukaribisha mutu kwenye meza: anaweza kusema "aksanti, nimeshiba", na hakuna kukasirika.

Na kuko jambo moja la kukataa. Nyimbo na video zenye kutukana kabila lolote zinapita kwenye telefone zetu, tena haraka. Mwenye kuituma hawezi kusema "mimi nilipitisha tu". Jina lako njo liko juu yake. Katika chama hiki tumechanganyika, na mwenzako analipa mchango wa kuzika mutoto wako.

Ninajua wamoja wanasema moyoni: "Tunakosa mabati, na mwalimu anatuletea nyimbo." Ni neno la haki. Njo maana siombe hata franka moja kutoka sanduku la ugonjwa na la matanga. Ninaomba vitu vitatu visivyo na bei. Kwanza, dakika kumi mwishoni mwa kila mukutano: mutu mumoja wa kambi na mutu mumoja wa hapa, kila mumoja apendekeze kitu kimoja kwa kufuata yale mambo matatu. Pili, kaye moja kwa sekretere, tuandike nani alipendekeza nini, na mwenye alisikiliza ao alisoma aandike jibu lake chini. Ikae kama likelemba: leo unatoa, kesho unapokea. Mwenye hajui kuandika atasema, na mutoto wa shule ataandika. Tatu, ukurasa mumoja katika gazeti letu hili.

Kwa ninyi wafadhili, nina ombi la heshima. Tunashukuru kwa kila kitu munatuma. Lakini mbele ya kutuma kartoni ya vitabu, mutuombe ile kaye. Kitabu kimoja chenye mama wa Mudaka alikiomba kwa jina kitasomwa na nyumba tano. Na ninyi pia muandike: ni wimbo gani uliwasimamisha mulipokuwa chini? Tutausikiliza. Kwa sasa kila kitu kinatoka kwenu kuja kwetu, na sisi tunarudisha ripoti tu. Tunapenda kurudisha kitu kingine.

Kaye iko hapa juu ya meza, na bike yake. Ukurasa wa kwanza niliandika Kusadikika, na jina la mwenye ninamupendekezea: ni Bwana Prezida, maana ako na wajumbe wengi wa kusikiliza. Mwenye kufuata ni nani?