Mali ya Wizi Haina Baraka



Ndugu wapendwa, sisi wa Ufipa tunatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kilio cha huko ni kilio cha jirani. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri kwa mabavu, na kwamba iliwajibika kwa uporaji wa maliasili uliofanyika humo. Mwaka 2022 iliamuru fidia ya dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa ajili ya maliasili.

Je, sheria inaturuhusu kuwahimiza wenzetu wasinunue dhahabu iliyoporwa hivyo? Ibara ya 18 ya Katiba yetu inatupa uhuru wa kueleza fikra. Wala hakuna alazimishwaye kununua. Lakini Ibara ya 30 inalinda haki na hadhi za wengine. Basi, tusimwite mfanyabiashara mwizi pasipo ushahidi, tusimfungie duka lake, wala tusimchukie Mganda kwa makosa ya watawala.

Tuulize kwanza: mali hii imetoka wapi? Amri ya Saba haimhusu aibaye peke yake; yamhusu pia anunuaye hali akijua, hata bei ikiwa nafuu.