Usanifu wa Nani? Somo la Kifurushi Kilichokataliwa



Anayesakinisha kifurushi kwa dpkg, kisimamizi cha vifurushi cha mfumo wa Debian, huweza kupewa jibu fupi: usanifu wa kifurushi, i386 (wa biti 32), haulingani na usanifu wa mfumo, amd64 (wa biti 64). Kazi husimama hapo. Wengi huiona kauli hiyo kuwa mlango uliofungwa, na kuanza kutafuta nyundo. Rai yangu jioni hii ni kwamba kauli hiyo ni ushahidi, na kwamba utata wake wote umo katika neno moja, "mfumo". Kabla ya kutafuta dawa, yatupasa kuuliza usanifu unaotajwa ni wa nani.

Chukueni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Prosesa yake ni ya biti 64. Tangu mwaka 2023, hata mfumo wake wa biti 32 huwashwa kwa kawaida na kiini cha Linux cha biti 64. Ukiiuliza mashine hiyo kwa amri uname -m, itajibu aarch64, yaani biti 64, usanifu ambao Debian huuita arm64. Ukiiuliza kwa dpkg --print-architecture, itajibu armhf, yaani biti 32. Hakuna aliyedanganya. Wa kwanza anasema habari za kiini, wa pili anasema habari za programu na maktaba zilizoandikwa katika daftari la vifurushi. Anayepakua kifurushi cha arm64 kwa kuliamini jibu la kwanza atakataliwa, ingawa prosesa inakiweza na kiini kinakiweza. Kilichokosekana ni maktaba za usanifu huo, kuanzia maktaba ya lugha ya C ambayo karibu kila programu huiegemea. Basi tuna mashahidi watatu, yaani prosesa, kiini na daftari, na dpkg humsikiliza huyo wa tatu peke yake.

Daftari hilo halikuwa tangu mwanzo na nafasi ya kuandika wageni, yaani usanifu usio wa mfumo wenyewe. AMD ilipotoa prosesa ya Opteron mwaka 2003, iliiwezesha kuendesha programu za biti 64 na zile za zamani za biti 32. Debian iliupokea rasmi usanifu wa amd64 mwaka 2007, lakini maktaba za biti 32 zilibebwa ndani ya furushi moja kubwa, ia32-libs, lililolazimika kutengenezwa upya kila maktaba mojawapo iliporekebishwa. Toleo la 7, la Mei 2013, liliondoa adha hiyo kwa kuupa kila usanifu saraka yake: /usr/lib/i386-linux-gnu kwa mgeni, /usr/lib/x86_64-linux-gnu kwa mwenyeji. Ndiyo sababu dawa ina hatua tatu zenye mpangilio: dpkg --add-architecture i386 humwandikisha mgeni, apt update huleta orodha ya vifurushi vyake, na apt install yenye jina la kifurushi likifuatwa na :i386 hukisakinisha pamoja na vyote kinavyovitegemea. Hatua ya pili ikirukwa, apt itasema haikijui kifurushi hicho. Hata zikitimia zote, maktaba inayosakinishwa kwa usanifu wa aina mbili lazima iwe ya toleo lile lile pande zote. Hazina ya nje ikileta toleo jipya la amd64 peke yake, mgeni atakwama, na amri apt policy ndiyo itakayoonyesha tofauti hiyo.

Yupo atakayesema dpkg ina --force-architecture, kwa nini tusilazimishe? Kwa sababu kulazimisha hubadilisha kilichoandikwa tu, hakuongezi kilichopungua. Programu ya biti 32 ikiingizwa hivyo, huweza kulalamika kwamba faili halipo, nalo liko mbele ya macho yako; kinachokosekana ni kipakiaji chake, /lib/ld-linux.so.2. Mwingine atauliza kwa nini mashine isimwandikishe mgeni yenyewe. Daftari huweza kukubali lisilowezekana: armhf huandikishwa bila kipingamizi katika kompyuta ya amd64, lakini bila kiigizi kama QEMU programu yake haitafanya kazi. Tena kila usanifu unaoongezwa ni rundo la maktaba za kusasisha. Uamuzi huo ni wa mwenye mashine.

Hoja nzito zaidi ni kwamba biti 32 inakufa, na tatizo litakufa nayo. Mwezi Juni 2019 Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilitangaza kuacha vifurushi vya i386. Wapenzi wa michezo ya kompyuta na watumiaji wa Wine, inayoendesha programu za Windows katika Linux, wakapinga, na katika siku chache ikakubali kubakiza baadhi. Debian 13, ya Agosti 2025, iliacha kutoa kiini na kisakinishi cha i386, lakini ikavibakiza vifurushi vyake kwa ajili ya mashine za amd64. Toleo hilo hilo likaukaribisha rasmi usanifu wa riscv64. Kwa hiyo mmoja anazeeka na mwingine anabisha hodi. Nayo i386 katika Debian imekuwa usanifu usiosakinishwa tena kama mwenyeji, unaoishi kwa kuandikwa katika daftari la mwingine. Aliyedhani usanifu ni sifa ya chuma peke yake hataweza kulieleza jambo hilo. Aliyewauliza mashahidi wote watatu hatashangaa.